Sindano za Alhamisi

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Masalu wakati mwenyewe yuko bafuni. Ghati, ambaye kwa miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kushika simu ya mumewe, alikuwa anafuta meza ya sebuleni. Simu ilikuwa pale pale karibu na chupa ya chai. Ikawaka, na maneno yakajitokeza yenyewe.

"Kesho saa nane usikose. Uje umeoga vizuri, leo usinywe pombe, na zile dawa za maumivu usimeze. Nyumbani usiwe na wasiwasi, hakuna atakayejua. Rhoda."

Ghati alisoma mara mbili, akaendelea kufuta meza mahali palepale palipokwisha kutakata. Bafuni Masalu alikuwa anajimwagia maji huku akiimba wimbo wa kwaya. Kilichomchoma Ghati kwanza hakikuwa jina la Rhoda, kilikuwa lile neno la kuoga. Mwanamume huyu hurudi kutoka machimboni na vumbi la mawe mpaka ndani ya masikio, na yeye Ghati humbembeleza kama mtoto aingie bafuni kabla ya kula. Leo ameingia mwenyewe, bila kuambiwa, na ameomba sabuni mpya.

Ghati ni Mkurya wa Tarime. Aliolewa Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, akiwa na miaka ishirini na miwili, na watu wanamwita Mama Blessing kwa jina la binti yao anayesoma bweni. Anauza mchele sokoni. Masalu ni msimamizi wa duara moja, yaani shimo la dhahabu, kule Mwakitolyo. Yeye ndiye anayeamua nani ashuke shimoni na nani apumzike, na matimba yanayoshikilia kuta yakaguliwe lini. Nyumbani huja Jumatano na Jumamosi. Wanamwogopa kidogo kule, wanamheshimu sana.

Kwa mwaka mmoja na nusu Masalu alikuwa hajamgusa mkewe. Mwanzoni alisema amechoka. Baadaye akasema mgongo. Baadaye hakusema kitu, akahamishia mto wake kwenye chumba cha Blessing, eti asimsumbue Ghati kwa kukoroma. Ghati hakumwambia mtu. Alijua wanawake wenzake wangesema nini, kwa sababu yeye mwenyewe alishawahi kuwasemea wengine hivyo hivyo: mwanamume wa machimboni akiacha kumtaka mkewe, ujue kuna anakokula.

Siku ya pili Masalu alivaa shati la mikono mirefu, akasema anakwenda Kahama kutafuta vipuri vya karasha la kusagia mawe. Alirudi usiku bila kipuri hata kimoja. Alitembea taratibu, akaketi taratibu, akakataa chakula, akaenda kulala. Wiki hiyohiyo Ghati alipofua suruali yake alikuta tiketi ya basi mfukoni. Haikuwa ya Kahama. Ilikuwa ya Geita.

Masalu akiwa amelala aliinakili namba ya Rhoda kutoka kwenye simu yake, kesho yake akaipiga kwa simu ya jirani yake wa sokoni. Sauti iliyopokea ilikuwa laini, ya kijana, isiyo na haraka. "Haloo, Rhoda hapa, nikusaidie nini?" Ghati akakata. Tangu siku hiyo alikuwa na sauti ya kuichukia. Alimjengea sura: alimpa shingo ndefu, akampa nywele za kusuka, akampa nyumba ya vyumba viwili yenye mapazia iliyolipwa na Masalu. Alipopima mchele alimwona. Alipokoroga uji alimwona. Masalu akisema "nipe maji", Ghati aliwaza kama Rhoda naye huombwa maji kwa sauti hiyohiyo, au yeye husemeshwa vizuri zaidi.

Alivumilia mwezi mzima, na hakuna aliyemjua Ghati ambaye angeamini kwamba aliweza. Jumatano moja tena Masalu akaoga bila kuambiwa. Ghati akajua kesho ni siku yenyewe.

Alitoka kabla ya mumewe. Alisema anawahi mzigo wa mchele, akapanda basi la kwanza linalopita Kahama. Alifika Geita mchana, akajibanza kwenye baraza la duka la vifaa vya uchimbaji, katikati ya koleo na kofia ngumu, ameshusha khanga mpaka kwenye nyusi. Basi la pili lilipoingia, Masalu alishuka na shati lake la mikono mirefu. Hakuangaza macho kama mtu mgeni. Aliita bodaboda akaelekeza kwa kidole. Mtu anayejua anakokwenda.

"Mfuate yule," Ghati alimwambia bodaboda wake. "Usimpite, usimpoteze."

"Ni mumeo, mama?"

"Endesha."

Walisimama nyuma ya kituo cha mafuta, mbele ya nyumba yenye bati la bluu. Mwanamke alitoka mlangoni kumpokea Masalu. Hakuwa na sare wala kofia ya unesi, alivaa gauni la zambarau na ndala za kubadilishia. Alimshika Masalu mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia neno, Masalu akacheka. Wakaingia pamoja. Ghati hakukumbuka ni lini alimsikia Masalu akicheka namna ile. Ukutani kulikuwa na kibao chenye maandishi, lakini ukimuuliza hata leo atakwambia hakukiona.

Alisimama barabarani muda mrefu, kisha akaingia na viatu vyake vyenye vumbi la stendi.

Ndani kulikuwa na benchi mbili na wanaume kama saba, kila mmoja ameacha nafasi kati yake na mwenzake. Hakuna aliyekuwa anaongea. Runinga ilionyesha mpira bila sauti.

"Rhoda ni nani humu?" Ghati alisema. "Nasema Rhoda ni nani? Na mume wangu yuko wapi? Masalu! Masalu wa Mwakitolyo, msimamizi wa duara, toka humo!"

Mwanamume mmoja aliinuka na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mwingine akavuta kofia mpaka puani. Yule mwenye gauni la zambarau akatokea kwenye ushoroba, ameshika kifaa kidogo chenye vichupa vyembamba viwili vya damu. Alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri kuliko hata Ghati alivyomchora kichwani, na hilo lilimtia wazimu zaidi.

"Mama, karibu, lakini tuongee taratibu, kuna wagonjwa."

"Nimeongea taratibu mwaka mmoja na nusu! Mume wangu anakuja kwako ameoga! Kwangu anakuja na matope, kwako anakuja ameoga!"

"Mama..."

"Unamfanyia nini mpaka kitanda changu amekihama?"

Mlango uliokuwa nyuma ya Rhoda ulifunguka. Masalu alisimama pale, shati limetoka nje, pamba imebandikwa kwa plasta kwenye kiwiko, mkanda wa suruali ameushika mkononi. Ghati alipouona ule mkanda alitaka kumrukia. Lakini Masalu alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu amjue, kama mtu aliyeangukiwa na ukuta na bado hajajua kama ameumia.

"Mama Blessing," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ni mgonjwa."

Daktari wa pale aliitwa Pantaleo, mtu mfupi mwenye mvi na miwani. Kabla ya kumkaribisha Ghati chumbani alimuuliza Masalu kwanza: "Mzee, unaridhia mama aingie?" Masalu alitikisa kichwa kukubali huku akitazama sakafu. "Basi nimweleze?" Akatikisa tena.

Daktari akaeleza. Masalu ana kisukari, pengine kwa miaka mingi bila kujua. Sukari ikikaa juu inaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na mishipa ya uume ni midogo kuliko mingi. Hapo ndipo nguvu za kiume zinapopungua. Si uchawi, wala si umalaya, na haimaanishi kwamba mtu hamtaki mkewe.

"Kabla ya kuja hapa alikuwa anatumia unga wa kuongeza nguvu wanaouza kwa kipaza sauti kule machimboni," daktari alisema. "Siku moja moyo ulimwenda mbio akiwa kwenye mdomo wa shimo. Ana bahati hakutumbukia. Sasa nimemwanzishia vidonge vya sukari, na nimemwambia aache sigara. Hilo ndilo la kwanza. Hii sindano ni nyongeza."

"Sindano gani?"

"Tunatoa damu yake mwenyewe. Tunaizungusha kwenye mashine mpaka ile sehemu yenye chembe zinazosaidia kidonda kupona ijitenge. Hiyo ndiyo tunamchoma pale penyewe. Tunatumaini itausaidia mwili kujijenga upya. Mara tatu, kila baada ya wiki nne. Lakini nilimwambia, na wewe nakwambia: wataalamu bado wanaichunguza. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata kitu. Kuna wanaotangaza seli shina mtandaoni, kwamba mtu anakuwa kijana tena. Mimi hizo sifanyi, ushahidi wake haujatosha. Ipo pia mashine ya mawimbi, nayo husaidia baadhi. Hapa hatuna."

Ghati alisikia yote. Mtu mwingine pengine angelia kwa shukrani. Yeye aliuliza: "Nani anamchoma?"

"Mimi."

"Na Rhoda kazi yake nini?"

"Anaandaa damu. Na anamshika mkono, kwa sababu mzee anaiogopa sindano."

Anamshika mkono. Ghati hakujua kwamba Masalu anaogopa sindano. Masalu wa Mwakitolyo, anayeshuka mita sitini chini ya ardhi kwa kamba! Katika miaka kumi na tisa hajawahi kujua, na huyu binti wa gauni la zambarau amejua kwa miezi miwili.

Baada ya sindano ya pili, kwenye basi la kurudi Masalu alikaa mbele, Ghati akapata kiti nyuma. Basi liliposimama Kahama ili watu wale, Masalu aliagiza wali maharage, na Ghati akaenda kuketi meza moja naye. Alikuwa na maneno ya kuomba msamaha tayari. Aliyapanga tangu Geita. Ila alipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Unajitengeneza kwa ajili ya nani?"

Masalu aliweka kijiko chini. "Unaniuliza hilo?"

"Kama ni kwa ajili yangu, mbona ni mimi peke yangu nisiyejua?"

Masalu aliacha sahani imejaa, akarudi kukaa kwenye basi. Asubuhi yake alikwenda Mwakitolyo, na Jumamosi hakuja. Jumatano hakuja.

Habari zilifika machimboni kabla ya wiki kwisha. Yule aliyevuta kofia mpaka puani aliitwa Donatus, fundi wa pampu za maji wa palepale Mwakitolyo. Aliogopa kwamba Masalu amemwona, kwa hiyo akawahi kusema yeye: alikwenda Geita kumsindikiza mjomba wake hospitali, akamkuta msimamizi wao anachomwa sindano za nguvu, mke kaja kamfumania. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Masalu akapewa jina la Mzee Sindano. Walimwita hivyo akiwa amegeuka, na baadaye hata akiwa hajageuka. Vijana waliokuwa wakishuka shimoni kwa neno lake moja wakaanza kumbishia.

Ngokolo nako zikafika. Mteja mmoja alimuuliza Ghati huku anachagua mchele, "Eti ni kweli baba Blessing anadungwa?" Mwingine hakuuliza, alimpa pole tu, ndefu, kama ya msiba. Halafu kulikuwa na mfanyabiashara wa mpunga ambaye kila siku alipita na kusalimia. Sasa akaanza kusimama. Siku ya tatu akainama juu ya magunia akasema kwa sauti ya siri, "Mama Blessing, wewe bado mbichi. Ukiona maisha magumu, sema. Wanaume wengine tupo."

Ghati alimrushia sado tupu la kupimia mchele likampata begani. Soko zima liligeuka. Lakini alipokaa tena kwenye kigoda, hapo ndipo alipoelewa. Hiki ndicho Masalu alichokuwa anakiona mbele yake kila alipolala kwenye kitanda cha Blessing. Alimwona mwanamume akiinama juu ya magunia ya mchele, na kwa mwaka mzima na nusu alikuwa anamwonea wivu mtu ambaye alikuwa bado hajafika.

Alimpigia Rhoda. Safari hii alitumia simu yake mwenyewe na kutaja jina lake.

"Nimekukosea," alisema. "Nimewakosea na wale wengine."

"Wawili hawajarudi tena," Rhoda alisema. "Siwezi kuwatafuta, waliniomba nisiwapigie."

"Nisamehe."

"Nimesikia, mama." Hakusema amemsamehe, na Ghati hakuwa na haki ya kudai.

Siku hiyo alipofagia chumba cha Blessing alikuta kopo la vidonge vya sukari nyuma ya vitabu, na karatasi ya dawa imekunjwa ndani yake. Kopo lilikuwa nusu. Masalu alikuwa ameondoka bila dawa, na leo ni siku ya kumi na nane.

Hakusubiri kesho. Alifunga kibanda, akapanda gari la Mwakitolyo.

Ni mahali pa kelele. Makarasha yanasaga mawe tangu asubuhi, vumbi jeupe limekaa juu ya kila turubai. Ghati alipita katikati ya vibanda vya chakula, na mtu mmoja akaita, "Huyo mke wa Sindano!" Kicheko kikafuata. Ghati aliyerusha sado sokoni alikuwa na majibu ya kumtosha yule mtu na ukoo wake. Aliyameza. Alikuwa ameshasema vya kutosha Geita.

Masalu alikuwa kwenye mdomo wa duara anagonga timba kwa nyundo, anasikiliza linavyolia. Amekonda. Alipomwona mkewe alitazama kushoto na kulia, kisha akampeleka nyuma ya banda la karasha ambapo kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna ambaye angewasikia.

"Umekuja kufanya nini?"

Ghati alimpa kopo. "Kunywa kwanza."

Alikunywa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Umeona wanavyoniita."

"Nimesikia. Ni mimi niliyesababisha."

"Ni wewe."

Hakupunguza, naye Ghati hakumwomba apunguze. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Niliogopa utanitazama kama unavyonitazama sasa."

"Nakutazamaje?"

"Kwa huruma."

"Haya macho unayaita ya huruma?" Ghati alisema. "Masalu, mimi sina huruma, wewe unanijua. Nina wivu."

"Wivu wa nini tena? Umeshaona kwa macho yako hakuna mwanamke."

"Yupo. Anajua unaogopa sindano. Anajua ulivyotaka kuanguka shimoni. Mimi nimepika, nimefua, nimekaa na mgongo wako mwaka na nusu, na sijui kitu. Afadhali ungekuwa na hawara. Hawara ningemfukuza. Huyu nimfukuze vipi? Alichonacho si mwili wako, ni maneno yako."

Masalu aliegemea ukuta wa mabati. Karasha lilikuwa linatingisha ukuta na bega lake pamoja.

"Rhoda ni nesi," alisema hatimaye. "Akijua, anaandika kwenye faili anafunga. Asubuhi hanikumbuki. Wewe ukijua, unalala nalo. Unaamka nalo. Ukikasirika siku moja, utalitoa."

Ghati alitaka kukana, akakumbuka benchi mbili za wanaume na jinsi alivyotaja jina na kazi na mahali. "Nililitoa kabla hata sijalijua," alisema.

Masalu nusura acheke. Hakucheka, ila uso wake ulilegea. "Sindano ya tatu ni Alhamisi ijayo," alisema. "Nilikuwa nimeamua kuiacha."

"Na sasa?"

"Sasa wameshajua wote. Ninachoficha ni nini?" Akaokota nyundo yake. "Nenda nyumbani. Jumatano nitakuja. Na ukipita pale usiwajibu."

"Sikuwajibu nilivyokuja."

Alimtazama, hakuamini.

Alhamisi walikwenda pamoja, kwenye kiti kimoja. Kwenye chumba cha matibabu Rhoda alipanga vifaa vyake, akasogeza kigoda karibu na kitanda, lakini hakukikalia. Alimwonyesha Ghati kwa mkono, kisha akaenda kusimama dirishani. Ghati akaketi, akaushika mkono wa mumewe. Sindano ilipoingia Masalu alivibana vidole vya mkewe mpaka pete ikamkata. Masalu alifumba macho na kunong'ona maneno ya Kisukuma ambayo baadaye, walipokuwa wanakunywa soda stendi, alimweleza kuwa ndivyo mama yake alivyokuwa akimbembeleza utotoni. Hilo nalo Ghati alikuwa halijui. Na bado, pamoja na yote, alipomwangalia Rhoda pale dirishani katika gauni lake la zambarau, wivu ulimgusa. Haukuwa umekwisha. Ulikuwa umepungua ukubwa tu.

Haikuwa kama wanavyotangaza. Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika isipokuwa sukari ilishuka, Masalu akaacha sigara na akawa mkali kwa kila mtu. Mwezi wa pili daktari alimwongezea kidonge kidogo cha kumeza, akamwambia asichanganye na unga wowote. Jumapili moja, wamerudi ibadani, mvua inanyesha juu ya bati, Masalu aliurudisha mto wake chumbani kwao, na mchana ule walibaki humo. Siku nyingine walijaribu, haikuwezekana, wakalala tu wakisikilizana. Daktari alipoulizwa ni ipi iliyosaidia, damu, kidonge, kuacha sigara au sukari, alisema hajui, na hatadanganya kwamba anajua.

Nafuu nayo ilimletea Ghati tabu yake. Mume aliyelala chumba cha mtoto hakuwa mali ya mtu yeyote. Huyu wa sasa anatembea kifua mbele, amenunua shati jipya la kijani, anapiga mluzi.

"Leo nimekuonea wivu tena," alimwambia asubuhi moja.

"Kwa sababu ya nani?"

"Shati."

Masalu alilivua, akampa alishike mpaka aondoke. Wakacheka. Tangu hapo Ghati alipoumwa na jambo alilisema siku hiyohiyo, hata likiwa la kijinga, na mengi yalikuwa ya kijinga.

Machimboni jina la Sindano halikufutika. Lakini lilianza kufanya kazi ambayo waliolitunga hawakuitegemea. Jumamosi moja alasiri, mtu mmoja mnene alibisha hodi Ngokolo. Aliitwa Jilala, dereva wa lori la kubeba mawe, mtu wa miaka arobaini na kitu. Alisimama mlangoni amekunja kofia mikononi.

"Mwadila, mayu," alimsalimia Ghati kwa Kisukuma. "Namtafuta mzee. Nina shida yangu ndogo."

Ghati alimkaribisha, akamwita Masalu, akaingia jikoni kukoroga ugali. Jikoni na sebule vimetenganishwa na pazia tu. Alimsikia Jilala akizungukazunguka, mara barabara mbovu, mara bei ya dizeli, mpaka maneno yakamwishia. Halafu akamsikia mumewe.

"Yangu ilianza mwaka juzi, wakati wa mavuno ya mpunga," Masalu alisema. "Siku ya kwanza nilijua ni uchovu. Siku ya tano nilitoka nje nikakaa kwenye gogo, nikalia. Nililia kweli, ndugu yangu. Nikawaza kwamba mke wangu ni Mkurya, ana damu ya moto, ataondoka. Nikaanza kumkasirikia kabla hajafanya kitu. Akicheka na mtu sokoni, nilikuwa namhesabia. Usiku nilikuwa nasikia anavyopumua chumba cha pili, nataka kumwamsha nimwambie, nakosa mdomo."

Ghati alisimama na mwiko mkononi. Lile gogo hakuwahi kusikia habari yake. Hakujua kuhusu machozi, wala kwamba mumewe alikuwa akimsikiliza anavyopumua. Miezi yote hii ya kusemezana na bado kulikuwa na haya, na leo anapewa dereva wa lori ambaye hata jina la pili hawalijui. Ule wivu ukampanda kifuani kama siku ya Geita, moto uleule. Ugali ulianza kushika chini.

Aliupakua. Akabeba sahani, akabeba mchuzi wa samaki, akasukuma pazia kwa kiwiko na kuingia. Jilala aliinamisha macho papo hapo. Ghati aliweka chakula mezani, akawanawisha mikono wote wawili. Kisha badala ya kurudi jikoni alivuta kigoda akaketi.

Masalu alimtazama. Ghati naye akamtazama, na hakuficha kitu usoni. Jilala alikuwa anasubiri mama wa nyumba aondoke.

"Huyu ana wivu," Masalu alimwambia mgeni wake. "Tusiposema mbele yake hatatupa chakula tena." Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi. "Nilikuwa nimefika wapi? Ndiyo. Chumba cha pili. Basi usiku mmoja nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni kwake..."

Akaendelea, anaongea na Jilala, ila macho yake yalikuwa kwa Ghati, na Ghati alisikiliza mpaka mwisho.